Ukipigiwa Simu na Chuo Chako, Utajibu Nini?

Siku moja mwaka 2013 simu yangu iliita nikiwa nimembeba mtoto wa dada mgongoni, nyumbani kwa shemeji, Igoma. Namba ngeni. Enzi hizo namba ngeni kwangu ilikuwa habari njema, maana nilikuwa nimesambaza barua za maombi ya kazi mji mzima mpaka nimeishiwa bahasha. Nikapokea kwa ile sauti ya ofisini.

“Habari yako dada, napiga kutoka chuoni. Tunafuatilia wahitimu wetu wa mwaka jana. Maswali machache tu, hayafiki dakika tano.”

Shemeji alikuwa sebuleni, taarifa ya habari imeisha, masikio yote kwangu. Swali la kwanza: umeajiriwa? Mpenzi msomaji, nikajibu ndiyo. La pili: kazi yako inaendana na ulichosomea? Ndiyo. La tatu: ujuzi ulioupata chuoni unautumia kwa kiasi gani? “Kwa kiasi kikubwa,” nikasema, huku namtikisa mtoto asilie nikaumbuka.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nafua, napika, na jioni namwandikia shemeji barua za kikundi chake cha kukopeshana. Barua hizo ndizo pekee zilikuwa na undugu na digrii yangu ya mawasiliano. Kwa hiyo kama kuna kabati mahali lenye ripoti ya wahitimu wa mwaka ule, uongo wangu umo humo, umehesabiwa vizuri na kugeuzwa asilimia.

Nisingekumbuka kisa hiki kama si fundi wangu wa nguo, pale Mabatini. Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua gauni langu la send-off ya rafiki, nikamkuta ameweka mkasi pembeni, mbele yake kuna fomu. Imetoka kwenye chuo alichosoma ng'ambo ya ziwa, miaka kadhaa imepita. Chuo kinataka kujua wahitimu wake wametoka wapi kimaisha, wamepata ujuzi gani, na sasa wanafanya nini.

“Dada, wewe si mtu wa kuandika? Hebu nisaidie hapa,” akaniambia. “Wameweka vibokisi vinne. Nimeajiriwa, nimejiajiri, nasoma, sina kazi. Mimi niko wapi?”

Nikacheka, nikamwambia si umejiajiri mama, mbona rahisi! Akaniangalia, akagonga cherehani kwa kidole. “Hili si langu.”

Hapo ndipo nilipovuta kigoda nikakaa. Gauni likasubiri.

Fomu hii ina kazi gani?

Kwa wataalamu hii inaitwa tafiti ya kufuatilia wahitimu. Chuo kinawatafuta vijana wake, mara nyingi mwaka mmoja au miwili baada ya kumaliza, na kuwauliza maisha yakoje. VETA wanafanya, vyuo vikuu wanafanya, na mwaka 2016 Shirika la Kazi Duniani lilishiriki kuchapisha mwongozo mzima wa namna ya kuifanya. Si karatasi ya kupotezea muda. Majibu yake ndiyo yanayoweza kutumika kuamua kozi gani iongezewe mashine, ipi ifungwe, na mfadhili gani ashawishiwe kutoa hela. Ukisema umefanikiwa wakati huna kitu, anayekuja nyuma yako anasomeshwa yale yale yaliyokushinda. Mimi nilifanya hivyo. Sijivunii.

Lakini ukimsikiliza fundi wangu, unaona fomu nayo ina lawama zake. Inauliza mwisho wa safari tu. Mtu alianzia wapi na alibeba mzigo gani njiani, hayo inayapitia juu juu.

Na kwa vyuo hivi hasa, vyuo vya maendeleo ya wananchi, mwanzo ndiyo habari yenyewe. Wengi wetu tunavipita barabarani tukidhani ni shule ya sekondari iliyochoka. Kumbe vina historia. Novemba 1974 Azimio la Musoma, hapo hapo kando ya ziwa letu, lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote haraka. Mwaka uliofuata, 1975, serikali ya Mwalimu Nyerere kwa msaada wa Sweden ikaanzisha vyuo vya wananchi, kwa mfano wa vyuo ambavyo Waswidi walikuwa navyo tangu 1868, na Wadenmark kabla yao tangu 1844. Vilifika 55 nchi nzima. Kwa huku kwetu utakuta Karumo na Sengerema ng'ambo, Malya kule Kwimba, Musoma na Tarime na Kisangwa upande wa Mara, Gera upande wa Kagera.

Wazo la mwanzo halikuwa cheti. Kijiji kinamtuma mtu wake, anajifunza useremala, kushona, kilimo, uashi, kisha anarudi kuwafaa waliomtuma. Aliyemaliza darasa la saba akakosa sekondari alikuwa na mahali pa kwenda, na mtu mzima aliyejua kusoma tu naye alikuwa na mahali. Baadaye mambo yakabadilika, mitihani ya ufundi ikaingia, na vyuo vikahama wizara na kurudi tena Wizara ya Elimu. Lakini anayeingia pale bado mara nyingi ni yule ambaye mlango mwingine ulimfungia.

“Kiwango cha elimu kabla ya kujiunga”

Ndivyo swali lilivyoandikwa kwenye fomu ya fundi wangu. Majibu: darasa la saba, kidato cha nne, kidato cha sita. Sasa yeye aliishia kidato cha pili. Kibokisi hakuna!

Najua utaniambia atie alama darasa la saba, yaishe. Ngoja kwanza. Mtu aliyeishia darasa la saba mwaka 2009 kwa sababu mzazi hakuwa na Sh 20,000 za ada ya shule ya kutwa, achilia mbali michango na madaftari, ana hadithi yake. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2016. Binti aliyetolewa shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito ana hadithi nyingine kabisa. Mwaka 2017 Rais alitamka wazi kwamba mwanafunzi aliyezaa asirudi shule ya serikali, na hadi Novemba 2021, serikali ilipowaruhusu kurudi, mabinti wengi umri ulikuwa umekwenda. Wengine wameolewa na kuachika, mtoto anaanza chekechea.

Miaka ya karibuni vyuo vya wananchi vimewapokea mabinti wa aina hii kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, inayoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania pamoja na vyuo hivyo. Binti anaendelea na masomo ya sekondari, anajifunza na ufundi, na mtoto wake anabaki sehemu ya kulelea watoto pale pale chuoni. Ukiniuliza mimi, hilo la mtoto ndilo lililofanya kazi kubwa. Unaweza kumpa msichana kozi ya bure na cherehani ya bure, kama hana wa kumwachia mtoto, siku ya pili haji.

Sasa wachukue watu wawili, mfano tu. Mmoja ni kijana wa Nyakato, amemaliza kidato cha nne, baba ana karakana ya kuchomelea mageti, amekwenda chuo akarudi kwenye karakana ya baba. Mwingine ni binti wa Ukerewe aliyeingia chuoni na mtoto wa miezi minane, hajawahi kushika futi kamba. Mwaka mmoja baadaye kijana anaingiza zaidi ya binti. Kwenye ripoti kijana ni mafanikio, binti ni wastani. Lakini chuo kilimwongezea nani zaidi? Usipouliza walikotoka, utampa chuo sifa za karakana ya baba.

Na hata barabara inaweza kuiba sifa. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo fundi wa Sengerema aliyekuja mjini kufuata vitambaa na nyuzi alikuwa anasubiri kivuko na kuombea foleni iwe fupi. Wahitimu wakiulizwa leo wakasema kipato kimepanda, itabidi mtu aulize kwanza: hii ni kozi au ni daraja?

“Nilikuwa najua kushona”

Hapa kuna jambo lililonifurahisha mno, nilikaa nalifikiria hata kwenye daladala.

Fomu ilimtaka ajipime, kuanzia 1 mpaka 5, ujuzi wake kabla ya chuo na baada ya chuo. Akaniambia siku anaingia chuoni walishamuuliza hivyo hivyo na yeye alijipa 4. Si alikuwa anajua kushona! Nyumbani kwao kulikuwa na cherehani la bibi, alikuwa anaziba viraka na kukunja mapindo. Wiki ya kwanza mwalimu akamwambia achore patani ya gauni lenye mkono na kola. Akakaa na ile karatasi ya kaki asubuhi nzima, hajui chaki aiweke wapi. Hapo ndipo alipojua kwamba hajui.

Miaka miwili baadaye, kwenye kumaliza, wakamuuliza tena. Akajipa 3, maana alishaona kazi za mafundi wakubwa, alishajua suti ya kiume ina mambo gani ndani ya bega. Kwa hesabu ya karatasi, chuo kimemshusha kutoka 4 mpaka 3! Ndiyo hivyo, kimempunguzia ujuzi.

Wanaojua mambo ya tafiti wana dawa yake, nayo ni rahisi. Muulize mtu leo, akiwa ameshafumbuka macho: ukiangalia nyuma, siku ile unaingia ulikuwa unajua kiasi gani? Fundi wangu nilimuuliza hivyo. Akacheka mpaka sindano zikamdondoka mdomoni. “Moja,” akasema. “Na hiyo moja ni ya kuniheshimu bibi yangu.”

Dawa nzuri zaidi ni kuacha namba kabisa na kuuliza kazi. Unaweza kukata gauni bila kuwa na gauni la mfano? Unaweza kurekebisha uzi ukikatika katika bila kuita fundi wa mashine? Mteja akileta kitenge pungufu unamwambiaje? Kwa kijana wa umeme: unaweza kufunga nyumba ya vyumba vitatu kuanzia mita mpaka balbu ya mwisho, peke yako, mkaguzi akapitisha? Majibu ya namna hii hayadanganyi kirahisi. Ningeulizwa mimi mwaka ule, “taja kitu kimoja ulichoandika wiki hii na nani alikilipia”, ningekamatwa palepale.

Kuna na ujuzi ambao hauna somo. Kuweka bei na kuisimamia. Kumwambia mteja hapana. Fundi wangu anasema kitu cha kwanza alichokipata chuoni kilikuwa kuongea mbele ya watu, kwa sababu kule kila bweni lilikuwa na zamu ya kusimamia mkutano. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika hilo.

Cherehani la nani?

Turudi kwenye lile cherehani, maana najua umeling'ang'ania.

Alipomaliza chuo alikuwa nalo la kwake. Alilinunua kwa hela aliyoiweka kidogo kidogo akishona sare za shule. Akaolewa, wakahamia mjini. Mwaka wa pili wa ndoa wifi yake kijijini akaanza biashara, mume akasema tumwazime cherehani, hapa mjini utapata kazi kwa mtu. Likapanda hiace, likaenda. Kila akiuliza, anaambiwa wifi bado hajakaa sawa. Tangu hapo anashona kwenye mashine ya kukodi: analipa kwa siku, apate kazi asipate. Siku mvua ikinyesha wateja wasije, anarudi nyumbani akiwa na deni.

Amejiajiri huyu? Ameajiriwa na mwenye mashine? Ujuzi anao, tena ule wa uhakika. Kipato chake kinaliwa na kitu ambacho chuo hakikufundisha na fomu haikukiuliza: ndani ya nyumba, nani anaamua juu ya mali ya fundi?

Ndugu zangu wanaume, msinune, hili haliwahusu wake zenu peke yao. Kijana akimaliza umeme anageuka mali ya ukoo. Anafunga waya nyumba ya baba mkubwa kwa soda, ya mjomba kwa asante, na mashine ya kuchomelea ya mwenzake inawekwa rehani na kaka mtu kwenye mkopo asioujua. Tofauti ni kwamba yeye akigoma ataitwa mchoyo. Mwanamke akigoma ataulizwa kama bado anataka ndoa.

Kwa hiyo nikamwambia fundi wangu ninachokijua, na nawe nakuambia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema kuoana peke yake hakubadilishi mmiliki wa mali. Kifungu cha 60 kinaenda mbali: mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja wenu inahesabiwa kuwa ni ya huyo, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Maana yake risiti ya cherehani yenye jina lako si takataka, iweke pamoja na cheti cha kliniki cha mtoto. Hata kama unanunua mashine ya mtumba, andikishaneni karatasi na muuzaji, na shahidi asaini.

Simaanishi ukimbilie mahakamani kesho asubuhi, jamani. Mwenyewe aliponisikia alitikisa kichwa. Kumpeleka wifi mahakamani kwa ajili ya cherehani, atakaa wapi? Yeye anachotaka ni wazungumze, na akizungumza awe na neno la kushikia. Tulikubaliana hivi: amwambie mume hesabu. Si malalamiko, hesabu. Kwa mwezi mashine ya kukodi inakula kiasi hiki, na kwa miezi kumi hela hiyo ni cherehani jipya. Mume ni dereva, hesabu za kukodi anazielewa vizuri sana, na yeye gari si lake.

Nikamkumbusha pia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka 2024. Inataka kikundi. Akasema kikundi wanacho, mafundi wenzake wa mtaa ule ule, tatizo ni kwamba nusu yao nao mashine si zao.

Wale wasiopokea simu

Kuna wahitimu ambao fomu hii haitawafikia kabisa. Orodha za vyuo zimejaa namba zilizokufa. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na ya kwangu ile ya Igoma ilikwenda na maji. Anayenitafuta leo kwa namba ile hanipati ng'o. Aliyekwenda Geita kwenye machimbo, au aliyefuata dagaa visiwani akaacha useremala, naye hayumo. Na yule ambaye mambo yamemwendea vibaya akiona namba ya chuo anaacha iite. Wanaobaki kujibu ni wale wenye kibanda chenye jina na namba ya simu ukutani. Ripoti inatoka nzuri, inameremeta.

Mafundi wenyewe wanajuana. Fundi wangu alinitajia papo hapo wenzake sita wa darasa lake: mmoja yuko Mlango Mmoja anarekebisha mitumba, mmoja Bukoba, mmoja ameokoka na hashoni tena suruali za kike, wawili wako nyumbani, mmoja ni marehemu. Hakuna simu iliyopigwa. Chuo kikitaka kuwapata, kimtume yeye na nauli.

Tulijaza ile fomu mpaka kiza kikaingia. Kwenye vibokisi vinne hakuweka alama hata kimoja. Pale chini paliandikwa “maoni mengine”, wameacha mstari mmoja, mfupi kama pindo la sketi. Akauangalia, akanyanyuka, akakata kipande cha ile karatasi ya kaki ya kuchorea patani, akakibana kwenye fomu kwa pini.

“Haya dada, andika,” akasema. “Anza na cherehani la bibi.”